Fundo la Lori

Tina alitimiza miaka kumi na tano Jumamosi ya mwisho wa Agosti, mwaka 2014, na zawadi aliyoitaka ilikuwa moja tu: mama yake ampeleke kula Clairwood, upande wa pili wa Durban.

"Clairwood?" Antoinette aliuliza. Alikuwa ameketi kitandani akipanga nywele za bandia kwa urefu, tayari kwa wateja wa Jumatatu. "Clairwood iko malori. Watu wanakulia wapi kule?"

"Iko mgahawa moja ya Wamexico, ndani ya ghala. Watu wa shule wanasema ni tamu sana."

"Hapa Greyville haiko chakula?"

"Leo ni siku ya nani, Mama?"

Antoinette hakuwa amekanyaga Clairwood kwa miaka mitano. Teksi ya abiria wengi ikipita upande ule, aliiacha akapanda nyingine, hata kama ingemchelewesha nusu saa. Majirani walielewa. Marehemu mume wake, Vénérand, alikuwa akifunga maturubai ya malori kule, na mjane ana haki ya kukwepa mahali. Hakuwahi kulazimika kueleza zaidi ya hapo.

Lakini wiki hiyo hakutaka ugomvi. Jumatano walikuwa na mahojiano ya mwisho ya safari ya Amerika. Barua ilisema watoto waliozidi miaka kumi na minne wataulizwa peke yao, mlango ukiwa umefungwa, na Antoinette alitaka mtoto aingie mle akiwa ametulia. Akavua kanga, akavaa sketi yake ya kanisani.

Teksi iliwashusha barabara kubwa. Wakatembea kando ya kuta zenye nyaya, wakapita maduka ya matairi na makontena yaliyopangwa juu kwa juu. Tina alitangulia. Hakumuuliza mtu njia. Kwenye robot, taa za barabarani, alikata kushoto, akavuka reli, akaingia uchochoro ambao Antoinette peke yake asingeuona.

Ghala lilikuwa na mlango mkubwa wa kukunja, na ndani yake meza za mbao na viti vya plastiki vya rangi tofauti tofauti. Kulikuwa na madereva wa malori, wasichana wa ofisi za mizigo, na familia moja ya Kihindi iliyokuja na bibi yao. Mwenye mgahawa, Mmexico mwenye kipara aliyeoa binti wa Chatsworth, alizunguka na daftari.

"Ramiro mwenyewe njo anachukuaka oda," Tina alisema.

"Jina lake umelijulia wapi?"

"Iko ukutani, Mama."

Kweli lilikuwepo ukutani, kwa rangi nyekundu. Antoinette akasoma bei kwenye karatasi ya vyakula. Alizisoma kuanzia kulia, kama kawaida yake, kisha ndipo akatazama kushoto kuona ni chakula gani anachoweza kukiagiza. Tina akamfunika karatasi kwa kiganja.

"Leo usisome hivyo. Niko na pesa ya kusuka ya Desemba. Miye njo ninaagiza."

Chakula kilikuja upesi. Vilikuwa vichapati vidogo vya mahindi, vya moto, vyenye madoa meusi ya kikaango, na juu yake nyama ya nguruwe iliyopikwa mpaka ikajichambua yenyewe, kitunguu kibichi, kotimiri na ndimu. Kulikuwa na maharagwe meusi, na pilipili ya kuchoma iliyosagwa kwenye kibakuli cha jiwe. Antoinette alikuwa amekuja tayari kudharau. Aliinua kichapati kimoja, akakigeuza.

"Hii ni bugali waliyoitandaza," alisema.

Akauma. Akala kile, akala cha pili, akafuta pilipili kwa kipande cha tatu. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono na akaulamba hadharani, yeye ambaye alimpiga Tina makofi kwa kosa hilo hilo.

"Maharagwe haya," alisema, "mtu aliyaamkia. Hakuyaharakisha. Eish, Tina. Tangu tutoke Uvira sijakula maharagwe hivi."

Tina alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Ndipo Ramiro akaleta sahani ya mwisho. Ilikuwa na vifurushi vinne vya unga wa mahindi vilivyopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya hindi, kila kimoja kimefungwa kwa utepe wa ganda lenyewe. Antoinette alichukua kimoja, akavuta ncha ya kushoto. Fundo likafunguka lote kwa mara moja, bila sauti, na maganda yakalala wazi kwenye sahani.

Mkono ulikuwa umevuta kabla kichwa hakijauliza.

Lile lilikuwa fundo la wafunga maturubai. Linashika dhidi ya upepo kutoka Durban mpaka Johannesburg, na likifika huko linafunguka kwa mvuto mmoja, ikiwa mtu anajua ncha ni ipi. Asiyejua huvuta ya kulia na kulikaza zaidi. Vénérand alikuwa akifunga kila kitu namna hiyo: chandarua, mfuko wa sukari, kamba za viatu vya Tina.

Antoinette aliweka kifurushi chini. Akatazama dirisha la jikoni. Katika mvuke wa masufuria aliona mikono miwili tu ikikunja maganda, na katika mkono wa kushoto kidole cha pete hakikuwa na ncha. Kamba ya lori ilikuwa imeikata mwaka 2006. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiosha kidonda.

"Tina," alisema polepole. "Nani anapika hapa?"

"Wanamwita Deusdedit."

"Sikukuuliza wanamwita nani."

"Unajua ni nani, Mama. Umevuta ya kushoto."

---

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2009 Pierre-Claver, mtu aliyewaandikia wakimbizi Wakongo dosie zao za kuomba kupelekwa Amerika, kwa malipo, aliwaambia Vénérand na Antoinette kwamba familia yenye baba itangoja miaka kumi, lakini mjane mwenye mtoto wa kike anapita mbele. "Ni karatasi tu," alisema. Vénérand afe kwenye karatasi. Afe njiani, akirudi Kongo kumzika mama yake, kwa sababu njia ile haitoi cheti. Ilitakiwa barua ya mchungaji mmoja na mashahidi wawili. Na kwa kuwa wakaguzi huuliza majirani, yalitakiwa matanga.

Walilala matanga siku tatu katika fleti ya Greyville. Magodoro yalitolewa, picha ikawekwa kwenye stuli na mshumaa. Laurette wa ghorofa ya chini alileta masufuria yake makubwa na kufunga genge lake siku zote tatu. Antoinette alikaa sakafuni akiwa amejifunga kitambaa cheusi, na machozi yalimtoka kwa urahisi, maana alikuwa na hofu. Wakati huo Vénérand alikuwa mtaa wa Mobeni, katika chumba cha uani, akisikiliza mpira redioni. Angekaa mfu kwa mwaka mmoja.

Tina alikuwa na miaka tisa. Wakubwa walikubaliana kwamba mtoto hawezi kutunza siri. Kwa hiyo yeye hakuambiwa. Alilia mpaka akatapika, na siku ya pili sauti ikapotea kabisa, akawa anafungua mdomo tu.

Mwaka mmoja ukawa mitano. Mwanzoni Vénérand alipiga simu kila Jumapili, mtoto akiwa kwenye katekisimu. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Miaka miwili ya mwisho ulikuja ujumbe tu, kila tarehe ya mwisho ya mwezi, kutoka namba ambayo Antoinette aliihifadhi kwa jina la "Nywele Jumla". Ulikuwa na neno moja: *Niko.*

Kila mwezi Antoinette aliusoma, akaufuta, akaendelea kusuka.

---

"Tangu lini?" Antoinette aliuliza.

"Mwezi wa tatu. Nilikuja na rafiki yangu, mjomba yake ni dereva. Wakaleta hii." Tina aligusa ganda. "Nikaenda pale dirishani. Aliponiona alitupa sufuria, akakimbilia mlango wa nyuma. Mara ya pili hakukimbia."

"Miezi mitano. Na hukuniambia."

"Nilikuwa ninangoja wewe uniambie."

Antoinette alikuwa mwanamke wa majibu. Wateja walimwogopa kwa hilo. Safari hii alipanga chumvi na pilipili juu ya meza, akazipanga upya.

Vénérand alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na mvi ambazo Antoinette hakuzijua, na kitambaa kichwani kama wapishi wengine. Alisimama nyuma ya kiti kitupu.

"Joyeux anniversaire," alimtakia Tina heri ya siku yake. Kisha, "Mama Tina."

"Papa Tina."

Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya kliniki.

"Umenenepa," Antoinette alisema, kwa kuwa ndilo neno la kwanza mdomo ulilolipata.

"Wafu tunakula vizuri." Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

"Kaa, Papa," Tina alisema.

Alitazama mlangoni. Meza ya karibu na mlango madereva wawili Watanzania walikuwa wanabishana kuhusu breki. Hawakuwa watu wa Greyville. Akakaa, lakini pembeni ya kiti, kama mtu aliyekuja kuulizwa.

Tina akasogeza sahani ya vifurushi mbele yake. "Kula nasi. Hiyo tu njo zawadi ninataka. Sitaki ingine."

Vénérand alitazama chakula alichokipika mwenyewe. Hakukigusa.

"Mama yangu alikatazaka," alisema. "Alisemaka mtu aliyeliliwa hali sahani moja na waliomlilia. Mpaka wazee wamuite jina mlangoni na kumwagia maji. Miye sikuamini mambo hiyo. Lakini tangu ile siku, mkono unakataa."

"Wazee wako wapi?"

"Iko Kongo. Bengine bamekufa. Na mlango ni upi, Tina? Niitwe jina gani?" Alishusha sauti. "Permit yangu ya kukaa iliisha, siwezi kuomba ingine, miye ni marehemu. Hii ya Deusdedit ni ya Mrundi moja tulilala naye chumba kimoja. Yeye alikufa kweli."

Tina alifikiri kidogo. Sura yake ilikuwa ya mtoto anayepiga hesabu ya shule.

"Mama alikuwa anajua," alisema. "Kwa hiyo Mama hakukulilia. Alifanya tu kama analia. Mnaweza kula pamoja, nyinyi wawili. Ni miye peke yangu njo nililia."

Akasukuma sahani yake mpaka katikati ya meza, akakunja mikono.

Hakuna aliyekula. Nyama iliganda mafuta. Ramiro akipita aliinama na kuuliza kwa Kiingereza kama chakula kina kasoro, na Antoinette akajibu kwamba hapana, ni kitamu, hajala kitamu kama hiki katika nchi hii. Ilikuwa kweli, na aliona aibu kuwa ilikuwa kweli.

Ramiro alipoondoka, Antoinette akarudi kwenye jambo aliloliweza.

"Jumatano watakuuliza peke yako. Baba yako yuko wapi, alikufa lini, ulisikiaje. Ukisema kitu kingine, dosie inafungwa. Si ya leo tu. Inafungwa milele, na jina letu linaandikwa. Unaelewa?"

"Nimesoma barua, Mama."

"Basi utasema nini?"

"Sijui bado." Akamgeukia baba yake. "Tukifika kule, utakuja?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza. Katika miaka mitano Antoinette na Vénérand hawakuwahi kuulizana. Pierre-Claver alikuwa amesema *tutaona*, nao wakalitunza lile neno kama risiti. Sasa walitazamana juu ya chakula kilichopoa na kila mmoja aliona kwamba mwenzake anajua. Mjane hawezi kumwita mumewe kwa barua.

"Nendeni," Vénérand alisema. "Miye nilishapita. Msibaki hapa juu ya mtu aliyeshapita."

Tina hakulia. Aliokota utepe wa ganda mezani. "Nionyeshe hii."

"Sikukufundishaka?"

"Hapana. Ulikufa mbele ya kunifundisha."

Akamfundisha. Walisogea pembeni, karibu na dirisha la jikoni, kwa sababu palikuwa na maganda mengi ya kufanyia mazoezi, na Antoinette aliwaona migongo tu: kichwa kikubwa na kidogo vimeinama, na vidole tisa na nusu vikiongoza kumi. Walizungumza wakifunga. Hakusikia walichosema. Alipolipa, kwa pesa yake mwenyewe, Vénérand alikuwa amerudi ndani kwenye mvuke, na Tina alikuwa na utepe mfukoni.

---

Jumatatu mchana Pierre-Claver alikuja Greyville kumnoa mtoto. Alikaa kwenye kiti cha pekee, akaomba chai, akafungua daftari.

"Baba yako alikufa mwaka gani?"

"2009, mwezi wa sita, tarehe sita."

"Wapi?"

"Njia ya Uvira."

"Usijibu haraka hivyo. Unajibu kama mtu wa duka. Ngoja kidogo, tazama chini. Ukiweza kulia, lia. Mtoto akilia, wazungu wanafunga swali."

"Nililia mara ya kwanza bure," Tina alisema.

Pierre-Claver alicheka, hakuelewa, akamtazama Antoinette. Antoinette alikuwa anaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

"Huyu iko na kichwa ngumu," Pierre-Claver alisema. "Mama Tina, mutengenezee moyo. Miaka mitano ya kazi yangu haiwezi kuharibika juu ya mtoto ya fifteen."

Mlango ukagongwa na Laurette akaingia bila kungoja, akiwa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, iliyofunikwa. Kila mwaka tarehe sita Juni alileta mshumaa na pesa ya misa ya Vénérand, bila kukumbushwa. Sasa alikuwa amesikia kuhusu Jumatano.

"Msiogope," aliwaambia. "Marehemu anawaombea kule aliko."

Antoinette alishika ukingo wa sinki. Alimtazama binti yake na kungoja.

Tina alisimama, akapokea sahani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. "Ndiyo, Ma Laurette," alisema. "Anatuombea. Nimemsikia."

Alisema vizuri sana. Hata Pierre-Claver aliacha kuandika. Antoinette ndiye aliyeogopa, kwa kuwa hakuona mshono wowote katika ule uongo, na alijua mtoto ameurithi kwa nani.

Usiku ule na uliofuata Antoinette alitaka kusema neno moja, *nisamehe* au *sema ukweli* au *sema uongo*, lolote kati ya hayo. Kila alipofungua mdomo lilitoka jingine: umepiga pasi shati? Umekula?

---

Jumatano mahojiano yalifanyika mjini, ghorofa ya saba, katika ofisi zilizokodishwa kwa wiki moja. Asubuhi Tina alifunga mfuko wa dosie kwa kamba ya katani, akaushika mwenyewe njia nzima. Aliitwa saa tatu na nusu. Alipita na mfuko wake, na mlango ukafungwa.

Antoinette alikaa kwenye benchi na wanawake wengine wawili. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Kila mmoja alirudia tarehe zake kimoyomoyo.

Baada ya dakika ishirini kilisikika kilio.

Hakikuwa kikubwa. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena bila sauti, pumzi tu. Yule mwenye mtoto alishika mdomo. Antoinette alikijua kile kilio. Alikuwa amekisikia mwaka 2009 kutoka pembe ya chumba chake, akiwa yeye mwenyewe anapiga mayowe juu ya picha, na wakati ule alikuwa amejiambia: mtoto atasahau.

Sasa hakujua kama Tina analia kweli au anafanya tu. Alisikiliza kwa nguvu zote, kama anavyosikiliza mkasi butu, na hakuweza kutofautisha.

Mlango ulifunguka, akaitwa. Afisa alikuwa mama wa Kizungu wa makamo mwenye miwani shingoni, na kando yake mkalimani Mtanzania aliyejitambulisha kwa jina la Gadiel. Macho ya afisa yalikuwa mekundu. Ya Tina pia. Boksi la karatasi laini lilikuwa katikati ya meza, nusu tupu.

"Amesema vizuri sana binti yako," Gadiel alitafsiri. "Afisa anakupa pole. Imebaki kuona cheti halisi cha kuzaliwa cha mtoto, basi."

Afisa aliuvuta mfuko wa dosie, akashika kamba, akavuta ncha ya kulia. Fundo likakaza. Akavuta tena. Gadiel akajaribu kwa kucha, akatikisa kichwa, akauliza kama kuna mkasi.

Tina alinyoosha mkono. Kwa vidole viwili alivuta ncha ya kushoto, na kamba yote ikaanguka mezani.

Afisa alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akauliza kitu, na Gadiel, ambaye pia alikuwa amefurahi, akatafsiri ingawa Tina alielewa Kiingereza:

"Anauliza, nani alikufundisha fundo zuri namna hii?"

"Baba yangu."

Afisa alikuwa bado ameshika kalamu. Aliitazama karatasi, akamtazama mtoto, akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayekamilisha safu:

"Kabla hajafa?"

Tina alitazama kamba. Hakuharakisha, wala hakufanya kama alivyoagizwa na Pierre-Claver. Alikuwa kama anatafuta tarehe hasa.

"Ndiyo," alisema. "Muda mfupi tu kabla."

Afisa aliandika.

Barabarani jua lilikuwa kali na teksi zilipiga honi. Walitembea mpaka kona ndipo Antoinette akauliza.

"Ulisema nini mle ndani?"

"Waliniuliza ninakumbuka nini ya matanga. Nikawaambia. Godoro, mshumaa, masufuria ya Ma Laurette. Nilivyotapika. Nilivyokosa sauti." Tina alihamisha mfuko bega lingine. "Sikudanganya hata kitu moja, Mama. Hawakuhitaji nidanganye."

---

Barua ya kupita ilifika tarehe 29 Septemba. Iliandika watu wawili: mama na mtoto. Vipimo vya hospitali vingefuata, kisha safari. Pierre-Claver alipiga simu kudai shukrani yake, na Laurette alipiga vigelegele kwenye ngazi mpaka watu wakafungua milango.

Kesho yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa Agosti ujumbe haukuja, naye alidhani ni kwa kuwa walikuwa wameonana jana yake. Antoinette aliweka simu juu ya meza kabla hajavua viatu. Alipika, akala, akaosha vyombo, akiitazama. Alikuwa ameamua kwamba safari hii hataufuta ule ujumbe. Atajibu. Alikuwa hata na maneno: *Tumepita. Asante.* Kisha akaona ni madogo, akatafuta mengine.

Jua lilishuka nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Simu haikulia.

"Usingoje," Tina alisema. Alikuwa sakafuni akijaza sanduku la vitabu vya kumwachia Laurette, akalifunga kamba juu. "Haitakuja. Nilimwambia asiandike tena."

"Lini?"

"Ile Jumamosi. Wakati wa fundo. Wale wa mahojiano wanaweza kuomba kuona simu, Mama. Na miye nilikuwa ninaonaka ile *Niko* mara zingine kwenye simu yako, mbele wewe uisome. Nikamwambia, kama nitaingia mle ndani na kusema umekufa, basi ufe. Usiniache nidanganye."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa." Tina aliivuta kamba kuijaribu. "Akasema atahama na kazi. Halafu akaniambia nirudie fundo, nilikuwa nimekosea."

Antoinette alichukua simu, akatafuta "Nywele Jumla", akapiga. Sauti ya mashine ikamwambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu, kwamba namba hiyo haipo. Akapiga tena. Akakaa sakafuni pale pale, miguu imenyooka, mahali alipokaa miaka mitano iliyopita, na kilichomtoka hakikuwa kama kile cha wakati ule. Hakikuwa na maneno. Alikuwa ameshika sketi kwa mikono miwili, akiyumba.

Laurette alikisikia kutoka chini. Alipanda akiwa na unga mikononi, akasukuma mlango.

"Ni nini? Nani amekufa?"

"Vénérand," Antoinette alisema.

Laurette alimtazama Tina, kisha akamtazama mama yake. Alikuwa mwanamke aliyeona mengi na hakuuliza zaidi. Aliketi sakafuni kando ya jirani yake, akamvuta kichwa begani.

"Wacha alie," alimwambia Tina. "Furaha inafunguaka vidonda. Miaka mitano hakumaliza machozi."

Tina alisogea karibu, akapiga magoti. Alimfuta mama yake uso kwa kiganja, polepole, kama mtu mzima.

"Basi," alisema. "Sasa na wewe umemlilia, huwezi kula naye tena."

"Kula na nani?" Laurette aliuliza.

Tina aliinuka, akaenda jikoni, akawasha jiko.